Lenzi ya 50mm f/1.8: kitu kidogo, kazi kibao, na jinsi ya kuifaidi kila siku

Kama una kamera ya kubadilisha lenzi na mpaka leo unatumia ile 18-55 (lenzi ya kuzumu, ya kuvuta karibu na mbali) iliyokuja nayo kwenye boksi, kaa hapa tuongee kidogo. Na kama tayari unayo 50mm f/1.8, ukapiga picha mbili tatu za sura ya mtu huku nyuma pamelainika kama pamba, ukafurahi wiki moja afu ukairudisha kwenye begi kwa sababu "haizumu", basi wewe ndo hasa nakuandikia.

Msimamo wangu nautoa mapema usije ukasema sikukwambia. Watu wengi wanaipenda hii lenzi kwa sababu ya namba moja tu, hiyo 1.8, yaani kipimo cha tundu la kuingizia mwanga likiwa wazi kabisa (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), wanaiweka hapo na hawaitoi tena, wakati utamu wake mwingi uko kati ya f/2.8 na f/8. Ile 1.8 ni kama gia ya kupandia mlima, ukikwama inakuokoa kweli, ila huwezi kuendesha nayo siku nzima.

Lenzi yenyewe ni ipi

Naongelea zile 50mm ndogo za bei ya chini ambazo karibu kila kampuni ya kamera inayo ya kwake. Canon walikuwa na EF 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990, ile ambayo ni plastiki mpaka pale inapong'ata kwenye kamera, gramu 130 tu, afu mwaka 2015 wakaleta STM (jina la aina ya mota yake ya fokasi) ambayo pale imewekwa chuma na uzito ukafika kama gramu 160. Nikon wana AF-S 50mm f/1.8G ya mwaka 2011, gramu 185. Sony wana FE 50mm f/1.8 ya 2016 nayo uzito ni huo huo karibu, na wale wa Canon za RF, zile mpya zisizo na kioo cha kujikunja ndani, wanayo ya kwao ya 2020. Yaani zote hizi zinaingia mfukoni mwa koti na unasahau kama zipo.

Watu wananiuliza sana, kama ni nzuri hivyo mbona rahisi? Urahisi wake hautokani na ubaya. Mpangilio wa vioo vyake ni wa zamani mno, babu yake ni lenzi ya Planar aliyoichora Paul Rudolph wa Zeiss mwaka 1896, na mpaka leo nyingi ya hizi ni vioo sita au saba tu ndani, hakuna mitambo ya kuzumu, hakuna mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, na kwa kamera zenye kioo cha kujikunja ndani urefu wa 50mm unakaa vizuri bila kuhitaji ufundi wa ziada. Kitu rahisi kutengeneza, kinatengenezwa kwa wingi, kinauzwa rahisi, basi.

Kwanza jua kamera yako inaionaje

Hapa wengi wanapotea. Kama kamera yako ni fulufremu, yaani sensori yake (kile kibapa cha ndani kinachopokea picha) ni kubwa, 50mm inakupa picha ambayo haivuti wala haitanui, inakaa katikati. Ila kamera nyingi za kuanzia ni kropu, sensori yake ni ndogo, kwa hiyo inakata pembeni na lenzi inakuwa kama imesogea mbele. Kwenye Canon za kropu zidisha kwa 1.6 unapata kama 80mm, Nikon na Sony zidisha kwa 1.5 unapata 75mm. Maana yake kwa vitendo ni hii: mtu mzima aliyesimama, umtake kuanzia kichwa mpaka viatu na nafasi kidogo juu na chini, kwenye kropu unarudi nyuma kama mita 5, kwenye fulufremu mita 3 zinatosha. Na ukiwa ndani ya chumba, mita 3 kutoka ukutani, kropu inaona upana wa mita moja na theluthi hivi tu. Ndo maana watu wanagonga kabati na mgongo wakirudi nyuma halafu wanaitukana lenzi.

Kwa hiyo zumu ya hii lenzi ni miguu. Sikwambii tu kama msemo, kuna zoezi nililifanya mwenyewe na lilinisaidia kuliko video zote nilizoangalia: siku tatu usitoe lenzi kwenye kamera, na kabla hujainua kamera usoni simama ujiulize fremu itaishia wapi kushoto na kulia, ukisharidhika ndo uinue uone kama ulipatia. Siku ya kwanza utakosea sana. Siku ya tatu utajikuta unasimama mahali sahihi kabla hujawasha kamera. Na ukisogea siyo kwamba kitu kinakuwa kikubwa tu, hapana, uhusiano wa kilicho mbele na kilicho nyuma unabadilika kabisa, kitu ambacho mtu wa zumu anayesimama sehemu moja na kuzungusha pete hakipati.

Sindano na uzi

Ngoja nikuonyeshe jambo moja kwa karibu, ukilishika hili mengine yote yatakuwa rahisi.

Mama yangu alikuwa amekaa dirishani anatunga uzi kwenye sindano, miwani imeshuka kwenye pua, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama anavofanya siku zote akikazana. Mi nikasogea mpaka kama sentimita 70 kutoka kwenye mikono yake, kamera ya kropu, lenzi hii hii. Nikaweka f/1.8 nikafokasi, yaani nikaweka ukali wa picha, kwenye tundu la sindano. Picha ikatoka: tundu la sindano kali, ncha ya uzi kali, vidole vimeshaanza kuyeyuka, uso ni ukungu wa rangi ya ngozi tu. Nzuri, ila ukimwonyesha mtu haoni mama, anaona sindano. Kwa umbali ule sehemu inayotoka kali ni kama milimita 14, unene wa kidole, zaidi ya hapo kila kitu kinalainika.

Nikaweka f/4. Hapo unapata kama sentimita 3, sindano na ncha za vidole vyote viwili zikakaa sawa, uso bado laini lakini miwani inaonekana kuwa miwani. Nikaweka f/8, sentimita 6 na kitu, mikono yote ikawa wazi na uso ukawa laini kiasi cha kumtambua ni nani na kuuona ule ulimi. Hiyo ya f/8 ndo ipo ukutani kwake. Ile ya f/1.8 ambayo mi niliiona kali sana siku ile, sijui hata nimeisevu wapi.

Tundu la lenzi linakuamulia stori inaishia wapi, na kwenye hii lenzi ndogo unaweza kuichagua stori kwa kuzungusha kidude kimoja cha kidole gumba. Weka kamera kwenye Av (Canon) au A (Nikon na Sony), pale ambapo wewe unachagua tundu na kamera inapanga mengine, shika kitu kimoja, piga 1.8, 2.8, 4, 5.6 na 8 bila kusogea, afu kaa nazo kwenye kompyuta uzipitie. Dakika kumi tu.

Pia kuna sababu ya ufundi. Lenzi hizi zikiwa wazi kabisa zinakuwa na ulaini kidogo na ule ukingo wa zambarau kwenye vitu vyenye mwanga mkali nyuma yake, mfano matawi ya mti mbele ya anga jeupe. Ukifika f/2.8 mengi yameisha, f/4 mpaka f/5.6 inatoa picha kali ambayo lenzi za gharama kubwa hazitaiacha mbali. Ukizidi f/11 hivi ukali unaanza kushuka tena kwa sababu tundu limekuwa dogo mno na mwanga unasambaa, kwa hiyo f/22 mi huwa siigusi.

Sura za watu

Mtu mmoja, kichwa na mabega, kropu, simama kama mita moja na nusu. Kwenye f/1.8 hapo una sentimita 6 tu za kuchezea, na kutoka jichoni mpaka sikioni ni zaidi ya hapo, kwa hiyo mtu akigeuza uso kidogo jicho moja kali lingine limelala. Anza na f/2.8. Tumia nukta moja ya fokasi, uiweke kwenye jicho lililo karibu na wewe, siyo kwenye pua, siyo katikati ya paji la uso, na usifanye ule mchezo wa kufokasi katikati halafu unahamisha kamera kupanga fremu, ukifanya hivyo kwenye tundu lililo wazi fokasi imeshahama. Hamisha nukta yenyewe. Kama kamera yako ni mpya na ina fokasi ya jicho, iwashe usiogope.

Ukitaka nyuma palainike zaidi usikimbilie 1.8, mtoe mtu ukutani. Mtu aliyeegemea ukuta hata kwa f/1.8 ukuta unaonekana, mtu aliyesimama mita 4 mbele ya ukuta kwa f/2.8 ukuta unayeyuka. Hii watu hawaamini mpaka wajaribu.

Mwanga: dirisha. Mkalishe mita moja hivi kutoka dirishani, ubavu uelekee dirisha, zima taa za ndani kwa sababu rangi ya taa na rangi ya mchana zikichanganyika uso unakuwa na njano upande mmoja na buluu upande mwingine na kuja kusahihisha baadaye ni mateso, kisha upande wa giza mwekee kitu cheupe, shuka, karatasi kubwa, hata boksi lililobanduliwa lenye upande mweupe. Ukimaliza hapo una studio.

Kundi, na aibu yangu

Niliwahi kuitwa kupiga picha ya familia, watu kumi na wawili, safu tatu za wanne wanne, bibi amekaa mbele katikati. Mi ndo kwanza nina lenzi mpya, nimejaa 1.8 kichwani, nikasimama kama mita 5, nikafokasi kwa bibi, nikapiga zaidi ya arobaini. Kwenye kioo kidogo cha kamera zote zinang'aa. Nimefika nyumbani nafungua kwenye kompyuta: bibi kali, safu ya pili imeanza kulewa, safu ya nyuma ni vichwa vya ukungu. Zote. Na wale wa nyuma wawili walikuwa wamesafiri kuja kwa ajili ya siku hiyo. Nikarudi kuomba radhi, tukapiga upya wiki mbili baadaye bila wale wawili, mpaka leo kuna shangazi mmoja akiniona na kamera anacheka.

Kwa umbali ule f/1.8 inakupa kama sentimita 70 kwa jumla, mbele na nyuma ya fokasi. f/5.6 inakupa zaidi ya mita 2. Kwa hiyo kundi ni f/5.6 au f/8, fokasi uiweke kwa mtu wa safu ya katikati siyo ya mbele, na watu wabanane. Na kabla hujawaruhusu watawanyike vuta picha kwenye kioo cha kamera mpaka mwisho uangalie sura ya mtu wa nyuma kabisa. Hilo la mwisho liandike mkononi kama ni lazima.

Usiku na ndani

Sasa hapa ndo ile gia ya mlima inafanya kazi. Ile 18-55 ukiivuta mpaka karibu na 50 tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 unapata mwanga karibu mara kumi. Mara kumi! Yaani pale ambapo zumu ilikulazimisha ISO 6400 (ISO ni kiasi kamera inavyoukuza mwanga) ikaleta picha imejaa chenga kama televisheni ya antena mbovu, hii unaenda na ISO 640 kwa spidi ile ile, yaani muda ule ule wa kamera kufunguka kupokea mwanga. Taa ya barabarani inatosha. Mshumaa kwenye keki unatosha. Mwanga wa simu usoni mwa mtu anayesoma meseji gizani unatosha, na ni moja ya picha nzuri sana za kujaribu.

Ila lenzi nyingi za aina hii hazina mtambo wa kutuliza mtikisiko kwa hiyo angalia spidi. Kwa mkono usishuke chini ya 1/50 ya sekunde kwenye fulufremu, 1/80 kwenye kropu, na hiyo ni kwa ajili ya mkono wako tu, mtu akiwa anaongea na kutembeza mikono weka 1/125, watoto wanaocheza 1/500 na hata hapo wengine watakushinda. Setingi ninayoitumia mimi ndani usiku: A au Av, f/2, ISO iachie kamera ijipangie yenyewe ila uipe kikomo, 3200 au 6400 kutegemea kamera yako, na kama kamera inakubali kuwekewa spidi ya chini kabisa weka 1/125. Afu sahau mambo ya namba, angalia watu.

Fokasi ikihangaika gizani, inaenda mbele inarudi nyuma huku inalia, usiielekeze kwenye shavu au shati la rangi moja, itafutie mpaka wa kitu, ukosi wa shati, ukingo wa miwani, sehemu nyeusi inapokutana na nyeupe.

Nyota nazo zinawezekana kidogo, kamera juu ya traipodi, fokasi ya mkono kwenye nyota moja angavu huku umeikuza kwenye kioo cha kamera. Gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, unapata sekunde 10 kwa fulufremu, kwa kropu gawanya kwa 80 unapata kama 6, ukizidisha hapo nyota zinakuwa vijistari virefu. Siyo lenzi ya kupiga anga lote, ila kundi moja la nyota inaliweza.

Jua la saa sita

Kinyume chake nacho kina mtego. Jua kali, ISO 100, f/1.8, kamera inahitaji spidi kama 1/8000, na kamera nyingi za kuanzia zinaishia 1/4000. Kwa hiyo picha inaungua, weupe mtupu, na mtu anadhani lenzi imeharibika. Funga mpaka f/2.8 tu tatizo limeisha, au mpeleke mtu kivulini, ambako ngozi inatoka vizuri zaidi hata hivyo. Na nunua ile kofia ya lenzi, hudi, inazuia mwanga wa pembeni unaofifisha rangi, pia siku ikianguka inapokea kipigo cha kwanza.

Meza, makaratasi na vitu vya kuuza

Kama unauza vitu mtandaoni, viatu, mikoba, vipuli, chochote, hii lenzi itakulipa kabla ya matumizi mengine yote. Bidhaa siyo f/1.8, nakukumbusha tena, mnunuzi anataka kuona kiatu chote, siyo kisigino tu. f/8, traipodi au rundo la vitabu, taimaa ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera, ISO 100, dirisha pembeni. Spidi ikishuka hata nusu sekunde haina shida, kiatu hakitembei.

Makaratasi ya zamani na picha za albamu pia. Zumu ya kuanzia ukiiweka 18 inapinda mistari iwe kama pipa, hii 50 mistari yake imenyooka kwa macho ya kawaida. Weka karatasi chini sakafuni karibu na dirisha, kamera iangalie chini wima kabisa, f/5.6 au f/8. Mi nimenakili albamu nzima ya nyumbani hivo kwa mchana mmoja, picha za karatasi zinazong'aa nilizigeuza kidogo kidogo mpaka mng'ao ukatoka.

Karibu zaidi ya inavyoruhusu

Kwa kawaida zinakubali kufokasi kuanzia sentimita 35 kwa Canon STM, 45 kwa Nikon G na Sony. Ukitaka mdudu au jiwe la pete hiyo haitoshi, ila kuna njia mbili za gharama ndogo. Ya kwanza ni mirija ya kuongeza urefu, haina kioo ndani, inakaa kati ya kamera na lenzi, mrija wa 25mm unakuongezea ukuzaji wa nusu ya ukubwa halisi. Nunua yenye pini za umeme, zile nukta za chuma zinazounganisha kamera na lenzi, ili fokasi na tundu viendelee kufanya kazi.

Ya pili ndo ya kihuni zaidi: igeuze lenzi. Kuna ringi ya bei ndogo sana inafungwa pale pa filta, angalia tu kipenyo kiendane na chako, 49mm kwa Canon STM na Sony, 58mm kwa Nikon G, 52mm kwa ile Canon II ya zamani, unaifunga lenzi mgongo mbele unapata karibu ukubwa halisi wa kitu. Fokasi ni kusogea wewe mbele nyuma, na kitu kitakuwa sentimita chache tu kutoka kwenye kioo. Tatizo ni tundu, ukishaitoa lenzi kwenye kamera huna pa kulirekebishia. Kwenye Canon za EF kuna ujanja: weka f/8 lenzi ikiwa imekaa kawaida, bonyeza na ushikilie kile kitufe cha kutazama kina cha fokasi, huku umekishikilia toa lenzi, tundu linabaki lilivyo. Zile Nikon za D (AF 50mm f/1.8D, za zamani kuliko G) zina pete ya tundu kwenye lenzi yenyewe, zungusha tu. Muda wote huo mgongo wa lenzi uko nje unapokea vumbi, kwa hiyo siyo mchezo wa siku ya upepo.

Kama inabana, shona

Umekwama kwenye nafasi ndogo au mandhari ni pana, piga vipande. Kamera wima, fokasi ya mkono isibadilike, eksposha (tundu, spidi na ISO) ya mkono isibadilike, weupe wa rangi (white balance) usibadilike, kila picha iingie theluthi moja kwenye ya jirani yake, programu ya kuunganisha inamalizia. Kuna namna ya kufanya hivi kwa mtu, f/1.8 mtu mmoja kasimama na vipande ishirini thelathini vinavyomzunguka, matokeo yanakuwa mapana na nyuma pamelainika kwa namna ambayo hakuna lenzi ya kawaida inakupa. Inajulikana kwa jina la Ryan Brenizer, mpiga picha za harusi wa New York aliyeifanya ipate umaarufu. Anza kupiga kipande cha mtu mwenyewe, haraka, kabla hajacheka au kukaa vibaya, mengine hayana haraka.

Video sitaongea sana. Inafaa kwa mtu anayekaa na kuongea, kamera kwenye traipodi, fremu 25 kwa sekunde na spidi 1/50. Kutembea nayo mkononi hapana, kila hatua inaonekana.

Isipofaa, isipofaa kweli

Nyumba ya ndani nzima, jengo refu ukiwa mtaa mwembamba, mpira wa uwanjani, ndege wa mbali. Usijilazimishe, ile 18-55 usiiuze.

Ukinunua ya mkononi

Hizi zinapatikana sana zikiwa zimetumika. Ya kwanza kabisa, wenye Nikon: ile AF 50mm f/1.8D haina mota ya fokasi ndani, inategemea kamera, na kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina hiyo mota, utafokasi kwa mkono maisha yako yote. Chukua ya G. Halafu ishike, mulika tochi ya simu kutoka upande mmoja uangalie upande wa pili, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache hapo hapo hata ukipunguziwa. Vumbi mbili tatu ndani hazina neno. Kwenye zile zenye pete ya tundu tazama mabawa ya tundu, yakiwa na mafuta yanagoma. Vaa kwenye kamera, piga kitu karibu kisha mbali kisha karibu mara kumi, sikiliza kama inakwama.

Kwa STM kuna jambo moja dogo: kile kipande cha mbele kinatoka nje kikifokasi karibu, na pete yake inaendeshwa na umeme, kamera ikizimwa kikiwa nje kinabaki nje. Kabla ya kuzima fokasi kitu cha mbali kirudi ndani. Usikisukume kwa kidole. Yangu ya kwanza niliitupa kwenye begi kikiwa nje, chaja ikakaa juu yake njia nzima, na tangu siku hiyo ikifika karibu na mita moja inatoa kamlio kama panya. Bado napiga nayo bidhaa, ila naweka fokasi ya mkono.